Joka lako lipumue hewa ipi? Angahewa nne za kubuni na gharama ya kila moja

Mwandishi wa hadithi za njozi akianza kujenga ulimwengu wake, huanza na ramani: milima huku, ufalme kule, msitu uliolaaniwa upande wa kaskazini. Hewa huiacha ile ile tunayoivuta sisi. Mambo hwenda sawa mpaka siku joka la kilo 600 linapotakiwa kuruka na mtu mgongoni, au mji unapotakiwa kuelea. Hapo hesabu inagoma, na msomaji mwenye jicho kali analiona tundu.

Ziko angahewa nne ambazo waandishi huzirudia: hewa nzito, hewa yenye oksijeni nyingi, hewa nyembamba, na hewa ya matabaka ambayo bonde lina sumu na kilima kina uhai. Zote nne zinawezekana kisayansi, ila kila moja ina deni lake. Uchawi ufanye kazi yake. Pale usipogusa, pafu, moto na bawa vifuate kanuni tunazozijua.

Namba ya kwanza kuiweka

Wengi huanza na asilimia, na hapo ndipo wanapopotea. "Oksijeni asilimia 21" peke yake haisemi kitu. Pafu halijui asilimia, linajua kanieneo ya oksijeni, yaani ule mgandamizo unaotokana na oksijeni peke yake ndani ya hewa yote. Usawa wa bahari, hewa yetu ina kanieneo ya kilopaskali 101, karibu sawa na baa 1. Oksijeni inachangia kilopaskali 21. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, asilimia ni ile ile 21, lakini kanieneo yote imeshuka karibu nusu na oksijeni imebaki kilopaskali 10 hivi. Ndiyo maana mpandaji anahema akiwa amesimama tu.

Kwa watu wenye miili kama yetu, shika mipaka hii. Chini ya kilopaskali 16, asiyezoea huanza kuumwa kichwa, kuchoka upesi na kuamua ovyo. Karibu na 10, aliyetolewa pwani ghafla anaweza kuzimia. Ikizidi 50 kwa siku nyingi, mapafu huanza kuumia. Ikizidi 160, degedege linaweza kumpata mtu, na wazamiaji hawauvuki mpaka huo. Kati ya 16 na 50 ndipo penye nafasi yako.

Moto una sheria nyingine kabisa. Wenyewe unajali asilimia, kwa sababu nitrojeni inayouzunguka mwali hula joto lake. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 15 au 16, kuni za kawaida hazishiki, hata kama kanieneo ni kubwa na watu wanapumua vizuri. Pafu linataka kanieneo, moto unataka asilimia: karibu kila uamuzi unaofuata unatokana na ugomvi wa hao wawili.

Hizi ndizo namba za kuanzia, zote kwa nyuzijoto 20 za Selsiasi:

| | Nzito | Oksijeni nyingi | Nyembamba | Matabaka |
|---|---|---|---|---|
| Kanieneo yote | baa 2.5 | baa 1 | baa 0.5 | baa 1 |
| Asilimia ya oksijeni | 16 | 32 | 40 | 21 kilimani, karibu 0 bondeni |
| Kanieneo ya oksijeni (kilopaskali) | 40 | 32 | 20 | 21 kilimani |
| Kilo kwa mita ya ujazo | 3.0 | 1.2 | 0.6 | 1.2 juu, 1.8 chini |
| Maji huchemka (nyuzijoto) | 127 | 100 | 81 | 100 |
| Moto | mgumu kuwasha | hauzimiki | mkali | hauwaki bondeni |

Hewa nzito: ya wenye mabawa

Nguvu ya bawa kuinua hutegemea densiti ya hewa (yaani kilo zake kwa kila mita ya ujazo), ukubwa wa bawa, na kasi ikizidishwa kwa yenyewe. Katika hewa yetu mpaka umeshajionyesha. Tandawala mkubwa wa Serengeti, ambaye dume lake hufika kilo 18 hivi, yumo miongoni mwa ndege wazito kuliko wote wanaoruka, na mwenyewe hupendelea kutembea. Mtambaazi mkubwa aliyewahi kuruka, Quetzalcoatlus, alikuwa na mabawa ya mita 10 hivi kutoka ncha hadi ncha, na makadirio mengi ya uzito wake ni kati ya kilo 200 na 250. Joka la kilo 600 limeshapita mbali.

Lipe joka hilo mabawa ya mita za mraba 20. Katika hewa yetu litahitaji mwendo wa kilomita 73 kwa saa kabla miguu haijaacha ardhi, mbio ambazo farasi bora huzifikia kwa shida. Katika hewa ya baa 2.5, joka lile lile linanyanyuka kwa kilomita 46 kwa saa. Nguvu ya misuli inayohitajika kubaki hewani nayo inashuka hadi theluthi mbili hivi. Hapo joka linaweza kukimbia hatua chache uwanjani na kupaa, badala ya kutafuta genge kila mara.

Mfano halisi wa hewa ya namna hii upo. Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, una hewa ya nitrojeni yenye densiti zaidi ya mara nne ya hewa yetu, na graviti yake, yaani nguvu ya mvutano, ni moja ya saba ya kwetu. Mtu aliyefungwa mabawa mikononi angeweza kupaa kule kwa nguvu zake mwenyewe, kama baridi ya nyuzijoto 179 chini ya sifuri isingemmaliza kwanza. NASA, shirika la anga la Marekani, imepanga kurusha mwaka 2028 chombo cha Dragonfly, ambacho kitaruka kwa rafadha kutoka mahali hadi mahali juu ya mwezi huo.

Sasa deni. Upepo wa kilomita 63 kwa saa katika hewa hii unasukuma kama wa kilomita 100 kwetu, kwa hiyo paa, tanga na mlingoti vijengwe kwa hesabu hiyo. Mshale unapungukiwa kasi mapema. Mpiga upinde hodari wa riwaya yako asimpige mtu aliye hatua 200. Anayeanguka kutoka juu hafiki kilomita 200 kwa saa kama mwanaparashuti wetu kabla parashuti haijafunguka, hufika 126 hivi. Atakufa vile vile, ila puto na mwamvuli vinapata kazi zaidi: mita moja ya ujazo ya hewa iliyopashwa hadi nyuzijoto 100 inainua gramu 640, wakati kwetu haizidi gramu 260. Maharagwe yanaiva upesi kama yaliyo kwenye jiko la presha, bila presha yenyewe. Anga lina weupe, upeo wa macho una ukungu, na jua la jioni ni jekundu kuliko letu, kwa sababu mwanga wa buluu umetawanywa mara nyingi mno njiani.

Watu huuliza kwa nini wasiende hadi baa 5, joka liwe kubwa zaidi. Jaribu uone. Ukiiacha oksijeni asilimia 16 ili moto uwake, kanieneo yake inakuwa kilopaskali 80 na mapafu yanaharibika. Ukiishusha hadi 40 ili watu wapone, inakuwa asilimia 8, na hakuna jiko, hakuna mhunzi, hakuna joka la kutema moto. Juu ya hapo, nitrojeni huanza kulevya: mzamiaji anayevuta hewa ya kawaida huanza kuuhisi ulevi huo kwenye kina cha mita 30 hivi, ambako kanieneo ni baa 4. Kwa watu wanaopika, baa 3 ni dari, na baa 2 hadi 2.5 ni mahali pa amani. Kabila la wasiojua moto, lenye zana za mawe na mifupa, ndilo pekee linaloweza kuishi kwenye hewa nzito zaidi. Ni wazo zuri ambalo halijachoshwa na waandishi.

Na yupo huyu mpanda joka. Mwili ulioishi miaka yote katika baa 2.5 umeshiba nitrojeni. Mwanasayansi John Scott Haldane aliweka mwaka 1908 kanuni kwamba kanieneo ikipunguzwa ghafla kupita nusu, viputo vinaweza kufumka katika damu na viungo, kama soda iliyong'olewa kizibo. Kanieneo hupungua nusu kila kilomita 5.5 za kupaa. Mpanda joka anayekwea moja kwa moja hadi kilomita 7 atashuka akiwa amejikunja kwa maumivu ya magoti na mabega, pengine amepooza. Mpe vituo vya kupumzika njiani, au mfanye awe mtu wa kuruka chini chini.

Oksijeni nyingi: wadudu wakubwa na moto usiozimika

Miaka milioni 300 iliyopita, mwishoni mwa zama za misitu iliyogeuka makaa ya mawe, oksijeni ya dunia yetu inakadiriwa kuwa ilipanda hadi asilimia 30 au zaidi. Kereng'ende aitwaye Meganeura, ambaye visukuku vyake vilipatikana Commentry, Ufaransa, alikuwa na mabawa ya sentimita 65 hadi 70. Wadudu hawana mapafu. Hewa huingia kwa vijibomba vinavyogawanyika mwilini, na mwili ukinenepa, oksijeni inachelewa kufika katikati. Ukiiongeza, mwili unaruhusiwa kukua. Usiitegemee sababu hii peke yake, hata hivyo. Jongoo Arthropleura, aliyepita mita 2 kwa urefu, alikuwapo kabla oksijeni haijafika kileleni. Kukosekana kwa wawindaji wakubwa wa nchi kavu huenda kulimsaidia vile vile. Ukitaka nge wa ukubwa wa mbuzi, ondoa pia ndege na mamalia wanaomla angali mdogo.

Wako wanaoichagua hewa hii wakidhani itapandisha majoka. Haitapandisha. Oksijeni ni nzito kidogo tu kuliko nitrojeni. Kuifikisha asilimia 32 huongeza densiti kwa takriban asilimia 1.5. Misuli itapata pumzi zaidi, bawa halitapata kitu.

Deni la hewa hii ni moto. Oksijeni ikizidi asilimia 25, hata majani mabichi na kuni zilizolowa huweza kushika. Nyumba ya makuti haidumu msimu mmoja wa radi. Mji ujengwe kwa mawe na udongo, kila mtaa utengwe kwa uwanja mpana, na miti iwe na magome mazito. Mhunzi anapata mwali mkali kuliko wa kwetu kwa makaa yale yale, lakini cheche moja kwenye nguo yake ya pamba ni mazishi. Mfano mchungu wa kweli ni Apollo 1: tarehe 27 Januari 1967, wanaanga watatu walikufa kwenye jaribio la ardhini, ndani ya chumba kilichojazwa oksijeni tupu kwa kanieneo iliyozidi kidogo ile ya nje. Baada yake, NASA ilibadili hewa ya chumba wakati wa kurusha kuwa oksijeni asilimia 60 na nitrojeni asilimia 40.

Kwa simulizi ya vita hii ndiyo hewa ya hatari zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Waandishi huwaleta wadudu na kuusahau moto, halafu sura ya tano mashujaa wanawasha kuni msituni na kulala usingizi.

Hewa nyembamba

Hii ni rahisi kuieleza, kwa kuwa watu wa nyanda za juu za Andes, Tibet na Ethiopia wanaishi na sehemu yake. Amua jambo moja: je, unataka watu wateseke? Kama ndiyo, acha oksijeni asilimia 21 kwa baa 0.5, nao watabaki na kilopaskali 10.5, wenyeji wawe na miili iliyozoea kwa vizazi, na wavamizi kutoka bondeni waanguke kabla ya kuchomoa upanga. Kama sivyo, pandisha oksijeni hadi asilimia 40 nao watapumua kama wako pwani. Wakazi wa kituo cha Skylab waliishi angani hadi siku 84, mwaka 1973 na 1974, katika theluthi moja ya kanieneo yetu, sehemu kubwa ya hewa yao ikiwa oksijeni. Kumbuka tu kwamba asilimia 40 inaurudisha moto wa sehemu iliyopita.

Anga huwa la buluu iliyokolea, vivuli vina kingo kali, usiku ni baridi ya ghafla. Sauti haziendi mbali. Maji yanachemka kwa nyuzijoto 81, kwa hiyo maharagwe yanaweza kutokota siku nzima yakabaki magumu. Chakula cha huko kiwe cha kuchoma, cha kukaanga, au unga uliokaangwa kabla ya kukorogwa. Kuruka si haramu kabisa: tumbusi wa aina ya Rüppell aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973, mita 11,300 kutoka ardhini. Huyo lakini ana kilo 7 hadi 9, na alipanda akibebwa na hewa. Joka lisahau.

Matabaka: sumu bondeni, uhai kilimani

Wasomaji wa Goma na Sake, mashariki mwa Kongo, hawahitaji kuelezwa hewa hii. Wana neno lake: mazuku. Ni mashimo na vibonde vya ardhi ya volkano, karibu na Nyiragongo na Nyamulagira, ambamo kaboni dioksidi hupenya kwenye nyufa na kutulia kwa kuwa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, gesi hujaa. Jua likipanda na upepo kuvuma, hupungua. Mbuzi aliyeinama kula anaanguka, na mwenye mbuzi aliyesimama hajahisi kitu bado. Akiinama kumwinua, naye hainuki. Kwa kiwango kikubwa zaidi, ziwa Nyos la Kamerun lilitoa gesi hiyo kwa ghafla tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu zaidi ya 1,700.

Kosa la waandishi hapa ni kudhani kwamba hewa nzima hujipanga kwa uzito, nzito chini na nyepesi juu, milele. Ingekuwa hivyo, tungekuwa tayari tumekufa: argoni ni karibu asilimia 1 ya hewa yetu na ni nzito kuliko nitrojeni, ingetulia yote chini, lingekuwapo dimbwi lake la kina cha mita 80 hivi, na Mji Mkongwe wa Unguja na kisiwa cha Mombasa vingekuwa ndani yake. Haitulii, kwa sababu upepo na joto huchanganya gesi zote hadi kilomita 100 hivi juu. Ili bonde lako lishike sumu mwaka mzima unahitaji vitu vitatu kwa pamoja: chemchemi ya gesi isiyokoma, kuta za bonde zisizo na mwanya, na hewa ya chini iliyo baridi kuliko ya juu ili isipande. Ondoa kimoja, na sumu inabaki ya usiku tu. Sumu ya usiku tu, hata hivyo, ina hadithi nzuri zaidi: soko linalofunguka jua likishapanda, na watu wanaokimbilia ngazi magharibi ikikaribia.

Usimwokoe shujaa kwa taa. Kaboni dioksidi ikifika asilimia 10 mtu anaweza kuzimia ndani ya dakika chache, na mshumaa bado unawaka. Taa itakapozimika, mwenye kuishika yuko chini zamani.

Merikebu ya kuelea juu ya bahari ya gesi hiyo nayo ina hesabu yake. Kila mita ya ujazo ya hewa ndani ya jahazi inabeba gramu 640 tu, hivyo tani moja inataka mita za ujazo 1,560. Chombo kiwe kama puto lenye sitaha, si mbao za mtepe. Mji unaoelea una mfano bora kwenye Zuhura: kwenye kimo cha kilomita 50, kanieneo ni karibu baa 1, na hewa yetu ya kupumua inaelea ndani ya kaboni dioksidi. Maputo mawili ya safari za Vega za Kisovyeti yalielea huko, kilomita 54 hivi, mwaka 1985. Mji wa tani 10,000 ungehitaji mpira wa hewa wenye kipenyo cha mita 330, watu wakiishi ndani ya kile kile kinachowabeba.

Kuchagua

Kama kiini cha hadithi ni kuruka, chukua hewa nzito na usisite. Wadudu na hofu ya moto: oksijeni nyingi, ila usiichanganye na hewa nzito, kwa kuwa asilimia 32 ya baa 2.5 ni kilopaskali 80 na hakuna atakayezeeka. Mpaka kati ya mataifa mawili: nyembamba. Uchunguzi, siri na vifo visivyo na jeraha: matabaka.

Kwa hewa yoyote, onyesha oksijeni inatoka wapi. Ni gesi inayokula chuma na kila kiozacho. Bila mimea au mwani wa baharini wa kuirudisha, huisha. Jangwa lisilo na bahari wala msitu linahitaji maelezo. Ukishusha graviti ili kusaidia mabawa, hewa nayo inanyooka kwenda juu: kwa nusu ya graviti, kanieneo hupungua nusu baada ya kilomita 11 badala ya 5.5. Usishuke hadi ile ya Mirihi, asilimia 38 ya kwetu, ambayo imebakiwa na chini ya asilimia 1 ya kanieneo yetu.

Ukishindwa kuchagua, chukua hewa nzito na upandishe uwanda wa juu wa kilomita 6 katikati ya bara. Chini kuna baa 2.5, juu kuna baa 1.2 hivi, na oksijeni ya kilopaskali 19, ya kutosha kuishi bila shida. Watu wa pande zote mbili wanapumua, na moto unawaka kwa shida ile ile kote. Anayepanda kwa haraka anapata viputo. Anayeteremka hapati kitu. Na joka lililokuwa likinyanyuka bondeni kwa kilomita 46 kwa saa, huku juu linataka 67. Likitua katikati ya uwanda, mbali na ukingo, litarudi nyumbani kwa miguu.